Jumatano Tuliyokwenda Kuona Treni

Turubai likilowa kisha likapigwa na jua hutoa harufu ambayo sijui niieleze vipi. Ndani yake mna mafuta ya gari, mna udongo, mna kitu kama gunia la viazi lililosahauliwa ghalani. Wiki iliyopita hapa Makambako tulilikunjua turubai la kanisa ili vijana wapate kivuli cha kuchorea, na harufu ile iliponifikia nilisimama na kamba mkononi kama mtu aliyeitwa jina. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?" Nikamwambia hapana. Siumwi. Nilikuwa nimerudi tu nyuma ya lori la viazi, mtoto wa darasa la tano, nimevaa masweta mawili, na upepo wa asubuhi unanitoa machozi.

Kwetu ni kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Njombe, ukishapita mashamba ya miti ya miwati. Mwezi wa sita na wa saba kule si miezi ya mzaha. Asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi kama mtu kamwaga chumvi shamba zima, na ng'ombe wanatoa moshi puani. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili, akatuacha watatu: mama, mimi Vumilia, na mdogo wangu Ezra. Mama alikuwa fundi wa kufuma. Alikuwa na mashine ya kufumia masweta ya shule, na mlio wake, kra-kra, kra-kra, ulikuwa ndiyo sauti ya nyumba yetu. Ukiusikia kutoka njiani unajua chakula kipo.

Mwaka ninaousimulia, mashine ile ilikuwa imeanza kunyamaza. Mama alikohoa. Alikonda, akavaa sweta juu ya sweta mpaka ukimtazama kwa mbali unadhani kanenepa. Wateja waliokuwa wakimletea uzi wakaanza kuupeleka kwa fundi mwingine, na wakikutana naye njiani walimsalimia huku miguu yao haisimami. Mimi nilidhani ni baridi. Watu wazima walituambia ni baridi, nami niliwaamini, maana baridi ya Njombe inaweza kusingiziwa karibu kila kitu.

Wakati huo ndipo tulipokuwa na Dada Salome.

Dada Salome alikuwa mtu wa Ludewa. Alikuja Njombe kujifunza cherehani, akamaliza mafunzo, akabaki, akapata kazi kwa fundi mmoja mjini na chumba cha kupanga kijijini kwetu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nene kuliko mwili wake, na alipocheka alijipiga paja. Mchungaji alimpa kikundi chetu cha vijana kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Kabla yake, Jumamosi ya vijana ilikuwa hivi: mnakaa kwenye mabenchi, mnakariri, mnakemewa, mnakwenda nyumbani. Yeye siku ya kwanza alituambia tutoe mabenchi nje, kisha akatuambia tuyakimbie.

Michezo yake ilikuwa ya ajabu. Alitugawa makundi, akalipa kila kundi blanketi na miti miwili, akatuambia tutengeneze machela, tumlaze mwenzetu, tukimbie naye kulizunguka kanisa bila kumwangusha. Siku ya manyunyu alitupa kuni mbichi za miwati na njiti chache za kiberiti. Kundi litakalochemsha chai kwanza ndilo mshindi. Alitufundisha kushona vifungo tukiwa tumefumba macho, na kukoroga uji usio na madonge huku tunaimba. Alitufundisha kubishana bei na mwenye duka mkorofi, na mwenye duka alikuwa yeye mwenyewe, kavaa koti kubwa la kuazima, kakunja uso, anatufukuza kwa ufagio. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

"Kama hamjacheka, hamjajifunza," alikuwa akisema. "Haya, turudie."

Wengi wetu walikuwa wakilelewa na bibi zao. Wengine walilelewa na kaka au dada ambao nao walikuwa bado wanakuja kwenye kikundi. Kwetu sisi watoto hilo lilikuwa jambo la kila siku kama ukungu, na hakuna aliyekaa akaujadili ukungu.

Likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia, Dada Salome alituketisha duara, akakaa naye chini kwenye nyasi kavu, akauliza, "Likizo hii mnataka tufanye nini?"

Sijui kama utanielewa nikikuambia kwamba hakuna mtu mzima aliyewahi kutuuliza swali hilo. Tulitazamana kama wezi. Mwishowe kijana mmoja mkubwa, aliyekuwa anasubiri kipaimara, akajibu kwa sauti ya mtihani, "Tukariri Zaburi." Mwingine akadakia, "Tufagie kanisa."

Dada Salome akajipiga paja. "Sijawauliza mnadhani mimi nataka nini. Nimewauliza ninyi."

Hapo Ezra, ambaye hata umri wa kuwa kwenye kikundi alikuwa hajafikisha, alikuja tu kwa sababu hakuna wa kumwachia, akasema akiwa ameshika sweta langu, "Treni. Mimi nataka kuiona treni."

Ungesikia kelele zilizozuka! Kumbe kila mtu alikuwa na lake. Wavulana walitaka mechi na vijana wa kanisa la jirani. Wasichana wawili walitaka kwenda Lupembe kuona kiwanda cha chai, waone yale majani yanayobebwa na malori yanaingia mlango huu mabichi na kutoka mlango ule yakiwa chai. Dada Salome hakumkatalia hata mmoja. Alileta makopo matatu na mahindi, kila mtu akapewa punje yake, tukapita mmoja mmoja kupiga kura kwa siri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga kura maishani, na sijawahi kupiga kura nyingine kwa moyo wote namna ile. Treni ikashinda kwa mbali.

Sasa ikabaki kuwashawishi wakubwa. Aliyehofiwa alikuwa Mzee Mlowe, mzee wa kanisa, mrefu, mwenye koti jeusi ambalo halikuwahi kumtoka mwilini hata wakati wa kulima. Alikuja Jumamosi iliyofuata akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Nasikia mnakwenda kutazama treni," akasema. "Treni ina neno gani la Mungu ndani yake?"

"Mzee, watoto watajifunza," akajibu Dada Salome. "Watasoma ratiba, watapima mwendo wa safari, watamuuliza mkuu wa stesheni maswali waliyoyaandaa wenyewe. Na tulikuwa tunataka kukuomba wewe uwe mkuu wa msafara."

Mzee Mlowe alilivuta koti lake likae sawa mabegani. Hilo la mkuu wa msafara lilikuwa limeingia. "Sawa," akasema, "lakini mbona Jumatano? Siku ya vijana ni Jumamosi."

"Lori la viazi linakwenda Jumatano, mzee."

Basi, ikawa Jumatano. Mwenye lori alikubali kutubeba kwenda na kurudi, nasi kwa shukrani tukaenda kumvunia shamba lake. Tulichimba viazi siku nzima kwa kushindana, na humo humo Dada Salome akatufundisha kupanga vikubwa, vya kati na vya mbegu, na kuvifunga gunia kwa mshono wa kamba usiofumuka. Vidole vilikufa ganzi. Jioni tulibanikiwa viazi pale pale shambani, tukavila na maganda, na nikimkumbuka kwa sura yoyote basi namkumbuka kwa sura ya jioni ile, ana masizi shavuni, anampulizia Ezra kiazi kipoe.

Lakini jambo moja lilinishangaza. Kwa upande wa mapishi ya safari, Dada Salome alimchagua Mama Eliza. Huyu Mama Eliza alikuwa akiuza chai na viazi vya kuchemsha nje ya geti la hospitali mjini. Hakupenda watoto wala kelele zao. Alichopenda ni habari. Alijua nani kalazwa, nani katoka, nani kaingia kwa mlango upi na kakaa muda gani, na jambo likipita mbele ya jiko lake asubuhi, jioni lilikuwa limeshafika kijijini kabla ya mwenyewe kurudi. Dada Salome alikwenda nyumbani kwake mara mbili kumbembeleza. Nilikuwepo mara ya pili.

"Mama Eliza, bila wewe hawa watoto watakula nini?" alimwambia. "Nani mwingine anaweza kupikia kundi kubwa hivi?"

"Na biashara yangu nimwachie nani?"

"Siku moja tu, mama. Na utaiona treni."

Mama Eliza akaguna, lakini kesho yake tukasikia ameshaanza kusugua masufuria.

Jumatano yenyewe kulikuwa na sakitu nzito. Tulikusanyika kanisani tukiwa tumevaa kila nguo tuliyokuwa nayo, mizula imefunika masikio, mikono ndani ya mikono ya masweta. Karibu nusu ya akina mama wa kijiji nao walikuja na madumu na vikapu, kila mmoja akisema anamsindikiza mwanawe, na kila mmoja akiwa amevaa kitenge chake kizuri. Lori lilikuwa na magunia chini na turubai juu. Dada Salome alitupanga mwenyewe: wadogo katikati, wakubwa pembeni washike kamba, Mzee Mlowe mbele kwa dereva kama ilivyostahili cheo chake. Mimi nilikuwa nimemwekea nafasi kando yangu juu ya gunia. Injini ikawaka. Hakupanda.

"Dada, panda!" nikamwita.

"Mimi nina shughuli kidogo," akasema. "Nendeni. Mkirudi mtanisimulia yote, msiache kitu."

"Na mama?" Nilikuwa nimemwacha mama kitandani, na moyo wangu haukuwa umetulia tangu alfajiri.

Akasogea, akashika ubao wa lori karibu na mguu wangu. "Mama yako nitakuwa naye mimi. Wewe nenda ukaitazame hiyo treni kwa macho yote mawili, umesikia?"

Lori likaondoka. Nilimtazama akipungua barabarani, mkono juu, mpaka ukungu ukamchukua.

Ya safari sitayamaliza. Tuliimba tangu nyumbani, tukanyamaza tulipoganda, tukaimba tena jua lilipochomoza. Makambako tulipokelewa na upepo. Watu wa hapa wameuzoea, lakini kwetu sisi tuliozoea baridi iliyotulia, ule upepo unaokimbia bila kizuizi ulikuwa kitu kigeni. Ulimvua Mzee Mlowe kofia, na msafara mzima ukaikimbilia kofia ya mkuu wake hadi ilipokwama kwenye ukuta wa duka. Stesheni tulisimama kwa mistari. Mkuu wa stesheni, mtu mpole mwenye kalamu sikioni, alijibu maswali yetu yote, hata la Ezra aliyetaka kujua treni inalala wapi.

Kisha ikaja. Kwanza tuliisikia miguuni. Ardhi ilitetemeka kidogo, kama vile mtu anatwanga mbali sana chini yetu, na reli zikaanza kulia kwa sauti nyembamba. Halafu ikatokea, kubwa kuliko jengo lolote nililokuwa nimewahi kuliona, na jengo hilo linatembea. Ezra aliingia chini ya sweta langu. Wavulana waliokuwa wameapa wataikimbiza hawakuinua unyayo. Ilipopiga honi, Mzee Mlowe, nakuapia, alivua kofia aliyotoka kuipata kwa shida, akainama kidogo, akaisalimu kwa salamu ya kwetu: "Kamwene!" Hakuna aliyecheka. Sote tulikuwa tunataka kusema hivyo hivyo.

Madirisha yalikuwa yamejaa watu wenye njaa. Walinyoosha mikono wakiita, "Mama, viazi! Mama, viazi!" na Mama Eliza, ambaye hakuwahi kumwacha mteja aite mara mbili, alijitwika beseni lake akaanza kuuza. Tulibaki tunatazama chakula chetu cha mchana kikipanda treni dirisha baada ya dirisha. Treni ilipoondoka ndipo akageuka, akatuona, akalitazama beseni. Alishika kichwa. Alikwenda mjini mbio, akarudi na mikate na ndizi mbivu za kutosha kila mtu, akatugawia akiwa ameinamisha macho, na tangu siku ile Mama Eliza aliwapenda watoto, au angalau aliacha kutufukuza.

Tulirudi jioni jua likiwa limebaki kwenye ncha za miti tu. Mama alikuwa amekaa nje ya nyumba kwenye kiti, amejifunika blanketi, macho mekundu. Lakini mbele yake palikuwa na bakuli tupu la mchuzi, na hilo nililiona kabla ya yote, maana ilikuwa siku nyingi sijaona bakuli la mama likiwa tupu. Dada Salome alikuwa kaketi kwenye kigoda kando yake. Baiskeli ya fundi wake wa mjini ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Haya," akasema kabla hata sijashusha kikapu. "Niambie. Ilikuwaje?"

Nikamwambia. Akataka zaidi. Rangi yake? Ilipofika ilisimama ghafla au pole pole? Ule mlio wa reli unafananaje? Nikajaribu kuuiga, Ezra naye akauiga, mama akacheka, akakohoa, akacheka tena. Dada Salome alifumba macho akisikiliza, kichwa kakiinamisha upande, kama mtu anayeonja kitu asichotaka kiishe upesi.

Baada ya siku ile mambo nyumbani yaligeuka taratibu, kiasi kwamba sikuweza kusema yaligeuka lini. Mama aliendelea kuwa dhaifu kwa muda, tena mwanzoni alizidi, akatapika, akalala sana. Dada Salome alipita kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mvua zilipoanza, mama alikuwa anakwenda kisimani mwenyewe. Halafu siku moja natoka shule, bado niko kwenye kona ya miti, nikasikia kra-kra, kra-kra. Nilikimbia njia yote iliyobaki.

Natamani ningekuambia kwamba tuliendelea hivyo. Mwaka uliofuata, kabla ya Pasaka, maneno yalizagaa kijijini kuhusu Dada Salome. Sikuyaelewa. Niliona tu akina mama wakiwazuia watoto wao Jumamosi, mmoja leo, wengine wiki ijayo, na makundi yetu ya kukimbia na machela yakakosa watu wa kubeba. Jumapili moja likasomwa tangazo kwamba dada yetu Salome amepumzishwa huduma ya vijana, na kwamba tumshukuru. Mzee Mlowe ndiye aliyelisoma. Alilisoma kwa sauti ndogo, na alipomaliza alibaki amesimama na ile karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akakaa chini bila kumtazama mtu.

Aliondoka katikati ya wiki, mimi nikiwa shuleni. Mama alimsindikiza hadi stendi ya Njombe, naye Dada Salome akapanda basi la Ludewa, akaenda kwao. Niliporudi niliambiwa, "Dada Salome amekusalimu sana." Nilikwenda kwenye chumba chake, nikakuta mlango uko wazi na mtu mwingine anapiga deki. Nilisimama pale hadi yule mama akaniuliza nimetumwa na nani. Jumamosi zikarudi kwenye mabenchi.

Miaka imekwenda. Nilisoma, nikaolewa huku Makambako, na mwaka juzi kanisa lilipotafuta mtu wa kuwapangia vijana michezo na masomo ya likizo, nikajikuta nimeinua mkono kabla sijafikiri. Nilikwenda Njombe kumwona mama. Ndiyo, mama yangu yupo, ana nguvu zake, na mashine ile ya kufumia bado inapiga kelele. Tulikuwa jikoni tunapukuchua maharage, nami nikawa namweleza kwamba sijui nianzie wapi na hao watoto, laiti Dada Salome angekuwepo. Mama akaacha kupukuchua.

"Hujawahi kuniuliza ile Jumatano tulifanya nini," akasema.

Akaniambia. Aliniambia kwa utulivu, akitazama maharage. Dada Salome alikuwa na virusi vya ukimwi, na alianza dawa zilipofika tu hospitali ya mjini. Alimtambua mama kwa kikohozi chake na kwa namna watu walivyompita njiani. Alikuja nyumbani, akafunga mlango, akamweleza siri yake yeye kwanza. Kisha akamwomba mama waende wote akapime. Mama alikataa. Kliniki ile ilikuwa kwenye jengo la nyuma, na njia yake ilipita mbele ya jiko la Mama Eliza. "Nilimwambia, nikionekana pale mara moja tu, nani atamvalisha mwanawe sweta nililolifuma mimi? Mtakula nini? Afadhali nife ninyi mkiwa na jina safi."

Alimkatalia mara nyingi. Ndipo sisi watoto, kwa punje zetu za mahindi, tukachagua treni.

"Alikuja siku ile ile ya kura anahema," mama akasema. "Akaniambia, 'Mama Vumi, nimepata. Nitawaondoa wote.' Lori lilikuwa linakwenda hata Jumamosi. Lakini kliniki ilikuwa Jumatano."

Alimpandisha mama nyuma ya baiskeli, akaisukuma hadi mjini. Kijiji kilikuwa kama kitupu. Getini hapakuwa na jiko wala mtu. Walikaa kwenye lile benchi refu, mama anataka kurudi, na Dada Salome amemshika kiganja hakiachii.

Nilikuwa nalia kitambo. Mama aliniacha nilie, kisha akasema, "Andika ukitaka. Mimi sina ninachokificha tena. Walipomsema yeye, mimi nilinyamaza, naye ndiye aliyeniambia ninyamaze. Alisema nina watoto, yeye hana."

Nimemtafuta. Nimeuliza Ludewa mjini, nikaambiwa aliishi pale kwa bibi yake, akashona, akahamia upande wa ziwani. Niliyempigia simu kule ziwani alisema anamkumbuka fundi mmoja mcheshi, ila hajui alikoelekea. Namba niliyopewa haipatikani. Bado naipiga mara moja moja, kama mtu anayepita kwenye nyumba aliyohama.

Machela nimeielewa sasa, na kuni mbichi, na uji, na mwenye duka mkorofi. Alikuwa anatazama duara lile la watoto akijua ni akina nani kati yetu watabaki peke yao na nyumba, na alitufundisha tutakachokuja kukihitaji huku akihakikisha tunacheka. Wenzangu kadhaa walikihitaji kweli. Mimi sikukihitaji, kwa sababu aliniachia mama. Na nimeelewa jambo jingine ambalo mtoto hawezi kulielewa: kwamba hakuwa mtu mzima kama nilivyomwona. Nikipiga hesabu, mimi leo nimemzidi umri aliokuwa nao siku ile. Alikuwa msichana tu, mbali na kwao, na ugonjwa wake mwilini.

Mama alinieleza jambo moja la mwisho, akiwa ameshainuka kuweka sufuria jikoni. Pale kwenye benchi, wakisubiri kuitwa, Dada Salome aliinua kichwa ghafla akauliza, "Mama Vumi, unadhani sasa hivi imeshafika?"

"Nini?"

"Treni."

Mama akamwuliza imefananaje, maana naye hakuwahi kuiona. Dada Salome akacheka, akajipiga paja.

"Hata mimi sijui. Nitaiona siku nyingine."

Nyumba yangu hapa Makambako haiko mbali na reli. Treni ikipita, vyombo hutikisika kabatini, na watoto wangu hawainui hata macho. Mimi hutoka nje, nikaitazama mpaka iishe. Sijui kama hiyo siku nyingine ilimfikia.